Walipopatanishwa Baba na Mgeni Wake wa Fizikia

Mara ya kwanza kumsikia mtu akimwambia baba yangu "hapana" ilikuwa uani kwetu, Tandika, asubuhi, na aliyesema alikuwa mgeni, tena mwanamke, tena mdomoni ana muhogo wetu wa nazi. Hakusema hapana moja. Alizipanga kama tatu hivi, akaongeza neno la Kiingereza ambalo sie shuleni ukisikika unalitamka unapigishwa magoti. Kisha akameza, akanyoosha kikombe aongezewe chai.

Birika lilikuwa mkononi mwangu. Nikasahau kuacha kumimina, chai ikajaa kwenye sahani. Nikamtazama baba nione atafanya nini, maana baba yangu akiingia sebuleni redio hupunguzwa sauti bila mtu kuagizwa. Mtaani wanamwita Daktari, na wapo waliokwisha kumletea watoto wenye homa. Hakukasirika. Alichukua chaki, akaenda ukutani, akasema kwa Kiingereza, "Nionyeshe ni wapi."

Lazima niseme mie ni mtu wa namna gani, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka. Mie naogopa kusema mbele za watu. Niko kidato cha tatu, na darasani hata jibu ninalolijua nalinyamazia, nisije nikakosea. Nikikosea mara moja nalala nalo, naamka nalo. Nilidhani watu wazima wenye elimu wameshavuka huko, kwamba ukisoma sana unafika mahali hukosei tena. Kumbe.

Baba anafundisha fizikia Chuo Kikuu. Miaka kadhaa nyuma alikwenda kozi Italia, mahali ambapo wanafizikia wa nchi tajiri na nchi maskini hukusanyika kusoma pamoja, na huko akakutana na mama huyu wa Hungaria. Walikaa benchi moja, wakabishania swali moja, na tangu hapo wakawa wanaandikiana barua nene zilizojaa hesabu. Swali lenyewe nitalisema kama baba alivyoniambia. Umeme ukipita kwenye waya, sehemu yake hupotea njiani, ndiyo maana waya hupata moto. Lakini kuna vitu ukivipoza sana umeme unapita humo bila kupotea hata chembe, unazunguka na kuzunguka bila mtu kuusukuma. Zamani ilitakiwa baridi ya kutisha. Halafu, mie nikiwa bado shule ya msingi, watu wakagundua vitu vya namna ya vigae, vina shaba ndani yake na vimechomwa tanuruni, ambavyo vinafanya hivyo kwenye baridi iliyo nafuu. Hiyo baridi nafuu ndiyo wanaiita joto la juu. Bibi alipoambiwa kwamba joto hilo la juu ni baridi kupita barafu yoyote aliyowahi kuishika, alisema, "Basi hao jua lao sijui wanaliitaje."

Kwa nini vigae vinaweza hivyo, hakuna ajuaye. Wanatafuta dunia nzima. Wenye mashine wanapima. Baba na mgeni wake hawapimi kitu, wao wanafikiri tu, na kufikiri kunawezekana hata Tandika. Wazo lilikuwa la baba. Alisema chembe za umeme, ambazo kwa kawaida hukimbiana, humo ndani zinatembea mbilimbili, na kinachoziunganisha ni kule kutikisika kwa kigae chenyewe. Alinionyesha kwa kitanda cha kamba cha bibi: mmoja akikaa kamba zinabonyea, wa pili akikaa anateremkia kwa mwenzake, atake asitake. Mgeni akasema kitanda cha kigae ni kigumu, hakibonyei kiasi hicho, lazima kuna kitu kingine. Likisimama, wazo lingetumwa kwenye jarida la nje na majina yao wote wawili, la baba mbele. Likianguka, miaka ya baba imekwenda na maji. Mgeni alikuja kwa likizo yake, wiki tatu, ili walisukume wote wawili waone kama litasimama.

Nyumba ya wageni ya chuo haikuwa na maji, basi baba akamleta kwetu. Mie nikampisha chumba changu nikahamia kwa bibi, mama mzaa baba. Ukuta mmoja wa uani baba aliupaka weusi kwa unga wa betri kuukuu na kisamvu kilichotwangwa, kama tunavyopaka ubao shuleni. Ubaya ni kwamba jiko la bibi lilikuwa uani hapohapo.

Bibi hajui Kiingereza, lakini sauti anazijua.

"Anasemaje?" aliniuliza siku hiyo ya muhogo, yeye yuko juu ya mbuzi anakuna nazi.

Nilitaka kudanganya. Uongo wangu huonekana usoni, kwa hiyo sijisumbui.

"Anasema baba hajui anachokisema."

Mbuzi ikanyamaza. "Na baba yako kajibuje?"

"Kasema yeye ndiye hajui kusoma."

"Kamwambia mgeni hajui kusoma? Humu ndani mwangu?"

Ikawa ndivyo kila siku. Wanaanza kwa sauti ya chini, jua likipanda nao wanapanda. Mgeni alikuwa na tabia ya kufuta mistari ya baba kwa kiganja, akabaki na kiganja cheupe, akampungia nacho usoni. Baba anapiga ukuta kofi. Jirani wa ubavuni akamuuliza mama kama yule ni mke mwenza kaja na ugomvi wake mapema. Mama ni muuguzi, hashtuki ovyo. Akamjibu, "Angekuwa mke mwenza angenisaidia kuosha vyombo."

"Mama, waache," mama akamwambia bibi. "Ndiyo kazi yao hiyo."

"Kazi gani ya kutukanana? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu kapewa jembe, anamkata nalo mwenye nyumba."

Ijumaa baba alirudi kutoka msikitini akakuta jamvi limetandikwa uani, na juu yake wamekaa mjumbe wa nyumba kumi na mzee mmoja wa msikitini, rafiki wa marehemu babu. Bibi alikuwa amewaita waje wampatanishe mwanawe na mgeni. Baba alifungua mdomo, akamtazama mama yake, akavua viatu, akakaa. Mgeni akakaribishwa jamvini. Alidhani ni sherehe. Alikuwa amejifunga kanga ya bibi na kutabasamu kwa kila mtu.

"Nani atafasiri?" mzee akauliza.

"Mwanawe yupo hapo," akasema mjumbe. "Baba mtu hawezi kujifasiria kesi yake."

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikakalishwa katikati yao, mie ambaye darasani nikiulizwa jina langu nalitafuta. Na baba ndiye mshitakiwa. Na Kiingereza changu ndicho kitakachomhukumu.

"Muulize mgeni," mjumbe akaanza, "anadai nini kwa mwenyeji wake?"

Nikauliza. Mgeni akashangaa kidogo, akajibu. Nikasema, "Hadai kitu. Anasema baba kakosea tu."

"Kamkosea heshima?"

"Hapana. Hesabu."

"Hesabu za fedha?" akauliza mzee, akisogea mbele.

"Za umeme."

Wakatazamana. Mjumbe akajikuna kidevu. "Umeme wenyewe wamekata tangu juzi. Hawa wanagombania upi?"

Baba akainama. Nilidhani anaona haya, kumbe anazuia kicheko. Ikabidi nieleze. Nikaeleza kitanda cha kamba, kwa sababu ndicho pekee nilichokielewa vizuri, na sauti yangu ilikuwa inatoka kama ya mtu mwingine aliyekaa nyuma yangu. Wazee walisikiliza kwa makini kweli, kuliko wanafunzi wa darasani kwetu.

"Hao wanaoteremkiana kitandani," mjumbe akauliza, "wameoana?"

Sikutaka kulitafsiri hilo. Nikalitafsiri, ndiyo kazi niliyopewa. Mgeni hakucheka. Alinyoosha kidole kwa mjumbe, akasema hilo ndilo swali lenyewe, nini kinachowafunga, na kwamba huyu bwana kaelewa upesi kuliko wengi. Mjumbe alipofasiriwa akajiweka sawa kwenye jamvi na kukaa kama jaji.

Hukumu yake ilikuwa fupi. Pale hapakuwa na mwizi wala aliyedhulumiwa, palikuwa na sauti kubwa. Mwenye nyumba hampandishii mgeni sauti, na mgeni hamkanushi mwenye nyumba mbele ya mamaye. Washikane mikono, iombwe dua, na asisikike tena mtu akimwambia mwenziwe amekosea ndani ya nyumba ile. Nikamnong'oneza mgeni. Tabasamu likamfutika. Akamtazama baba, na baba, ambaye bibi alikuwa hajamwondolea macho, akaitikia kwa kichwa polepole. Wakashikana mikono. Wazee wakanywa kahawa, wakaondoka wameridhika.

Kuanzia Jumamosi nyumba ikawa kimya. Baba anaandika mstari ukutani, anageuka. Mgeni anasema, "Inapendeza sana." Baba anaandika mwingine. "Huenda ni hivyo." Baba anasubiri, chaki iko hewani, kama mtu aliyeegemea mlango akakuta kumbe uko wazi. Mgeni anatazama kucha zake. Alifanya adabu mpaka ikachosha kuitazama. Alipokosa la kufanya akaomba kufundishwa kukuna nazi, akawa anatoa vipande kama vya kulishia mbuzi hai.

"Mnaona amani ilivyo tamu?" akasema bibi.

Baba akaacha kula. Wiki ya mwisho ikaingia, ukuta umejaa mistari na hakuna hata mmoja uliofutwa. Mie nilidhani maana yake ni ushindi. Alasiri moja nikamkuta amekaa kwenye kigoda anautazama ukuta, peke yake, nikathubutu.

"Baba, si amekubali sasa?"

"Hajakubali. Amenyamaza."

"Si afadhali?"

Akatikisa kichwa. "Huyu akininyamazia hapa uani, atakayenisema ni mtu nisiyemjua, mbele ya watu nisiowajua, jina langu likiwa limeshachapwa. Kanzu yako ikichanika nyuma, rafiki anakwambia kabla hujatoka nje. Mie namtaka anichambue. Sijui kama niko sawa. Peke yangu siwezi kujua."

"Basi mwambie bibi."

"Nimwambieje? Ameita wazee, wamekuja, wameomba dua. Nitoke mie, mwanawe, niseme suluhu yao naivunja?"

Hapo nilishtuka kuliko siku ya muhogo. Baba yangu alikuwa anamwogopa mama yake. Vilevile kama mie ninavyomwogopa yeye. Alikuwa amekaa pale na chaki yake, mtu mzima, anashindwa kusema sentensi moja, na mie kushindwa huko nakujua hasa. Hakuniomba kitu. Angeniomba labda nisingeweza.

Kesho yake nilimkuta bibi anachambua mchele. Nikakaa, nikachambua naye hadi ungo ukakaribia kwisha.

"Bibi."

"Sema, mke mwenzangu."

"Baba na mgeni wake si wagomvi." Nikatupa chuya moja. "Ni watani."

Vidole vyake vikasimama. Bibi ni Mzaramo, na watani wake ni Wanyamwezi. Babu alipofariki, jirani yetu Mnyamwezi alivaa koti la marehemu, akalala kizingitini maiti isitoke, akisema huyu bwana alikuwa mchoyo, hata kufa kafa kabla ya chakula asije akamkaribisha mtu. Bibi akacheka katikati ya kilio. Jirani yule asingekuja kumtukana marehemu, bibi angenuna mpaka leo.

"Utani wa wapi huo?" akasema. "Utani huzaliwa vitani. Wahungaria walipigana na sie lini?"

"Hawakupigana na sie. Wamepigana hao wawili, kule Italia. Kwa ajili ya hilo swali."

"Nani alishinda?"

"Bado. Na mkiwanyamazisha hatajulikana. Bibi, baba hali chakula kwa sababu hatukanwi."

Nilisema yote hayo nikiutazama ungo. Masikio yalikuwa yanawaka. Sijawahi kumpinga bibi, hata juu ya chumvi. Akapuliza makapi.

"Utani hauwi wa upande mmoja," akasema hatimaye. "Niitie huyo mama."

Mgeni akaja na mikono ina machicha. Bibi akamtazama juu mpaka chini.

"Mwambie, nazi anavyoikuna, hata kuku wangu wamesusa."

Nikatafsiri. Mgeni akanitazama kuhakikisha, akamtazama bibi. Akasema kitu kwa Kiingereza, polepole, nisikose hata neno. Nilifumba macho kwanza.

"Anasema nazi yenyewe ngumu, kama kichwa cha mwanao."

Bibi alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani. Alicheka akaukosa ungo, mchele ukamwagika. "Huyu mtani," akasema, akijifuta machozi. "Waache watukanane. Ila si wakati wa kula." Akapeleka habari kwa mjumbe, na mjumbe akarudisha jibu kwamba watani hawapatanishwi, na hilo angeambiwa mwanzoni asingepoteza Ijumaa yake.

Nilipomfikishia mgeni ruhusa, hakungoja hata kunawa. Alikwenda ukutani na machicha yake, akagusa mstari wa tatu kutoka juu, akamwambia baba kwamba huo ulikuwa unamkera tangu Jumamosi. Baba akaangua kicheko ambacho sijawahi kukisikia. Jioni hiyo alikula sahani mbili.

Siku zilizobaki walipigana kufa na kupona. Kila kilichofutwa baba alikirudisha kwa njia nyingine, na kila kilichorudi mgeni alikizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. Baba alikuwa anashinda. Hata mie niliona. Mgeni sauti yake ilianza kupungua, akawa anaitikia, na hapakuwa na adabu humo, alikuwa anaitikia kweli. Mama alimnong'oneza bibi kwamba inaelekea wazo linasimama.

Kisha mgeni akauliza swali kwa sauti ndogo kabisa. Alikuwa ameweka kidole kimoja kwenye mstari wa juu na kingine chini, karibu na miguu yake, ameinama amejipinda.

"Huyu na huyu," alisema, "si mtu mmoja?"

Baba akasogea. Akatazama juu, akatazama chini. Wawili wale waliokuwa wanashikana kwenye hesabu yake, alikuwa amewahesabu mara mbili, mara ya pili wakiwa wameandikwa kwa sura nyingine. Ukiitoa hesabu ya pili, nguvu ya kuwaunganisha inabaki nusu, na kwa nusu hiyo kigae hakiwezi kitu mpaka upate tena ile baridi ya zamani ya kutisha. Hayo alinieleza baadaye. Wakati ule niliona tu mgongo wake ukishuka.

"Nimekosea," akasema.

Alisema kwa Kiswahili, hakumwambia mtu. Bibi alisikia, mama alisikia, mie nilisikia. Maisha yangu yote nilikuwa sijasikia mtu mzima akilisema neno hilo bila "lakini" mbele yake. Nilisubiri hiyo lakini. Haikuja.

Nikamgeukia mgeni nione furaha yake. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi ya nazi, mikono usoni, na mabega yanatikisika.

"Analia nini na kashinda yeye?" bibi akaniuliza.

Nikamuuliza mgeni. Akasema alitaka baba ashinde. Alitaka tangu Italia.

"Sasa mbona kamwangusha?"

"Anasema alitaka ashinde kweli."

Bibi akachukua kikombe. Akaenda kumchotea maji ya kunywa.

Nilidhani mambo yameishia hapo, hasara imekaa nyumbani, hakuna ajuaye. Lakini mgeni aliponawa uso alisema jambo ambalo hata mama lilimsimamisha. Alisema wapo wengine, anawajua, wanaoipita njia hiyohiyo na watajikwaa palepale. Inafaa waandike kwamba njia hii imefungwa na wapi imefungwa. Kurasa chache, majina mawili. La baba mbele, kwa kuwa wazo lilikuwa lake.

Nikamfasiria bibi. Akanirudishia macho kama nimechanganya maneno.

"Yaani mtu ajitangazie kukosea? Kwa jina lake na la baba yake? Dunia nzima? Hata mwizi hukana."

Baba akaweka chaki chini. Aliingia ndani, akakaa huko siku nzima. Mgeni akaanza kupanga nguo zake bila kumsukuma. Mie niliomba Mungu baba akatae. Kweli, niliomba. Niliona jina letu likisomwa huko na watu wasiotujua, wakicheka, na sikuelewa mtu mwenye akili zake anaanzaje kulibeba hilo kwa mikono yake mwenyewe wakati mlango wa kunyamaza uko wazi.

Asubuhi alitoka amenyoa ndevu. Akavuta meza ndogo hadi uani, akaweka karatasi, akamwita mgeni. "Tuandike," akamwambia. "Jina langu mbele, ulivyosema." Kisha akamsalimia mama yake, "Shikamoo mama," na bibi akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu ambaye hajaamua.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Sijui nguvu nilizipata wapi.

"Baba, huoni aibu?"

"Naona," akasema, bila kugeuka. "Naona sana. Sogea kidogo, unaniziba mwanga."

Nikasogea. Akaanza kuandika.